Bei za ubashiri wa gemu za NBA: mchana nazipenda, alfajiri zinaniharibia

Bei ilinambia Haliburton wa Pacers kafunga kabla Haliburton mwenyewe hajavuka nusu ya kiwanja kwenye striming yetu. Sifanyi utani. Sie tulikuwa bado tunamuangalia Shai wa Thunder anaruka kurusha ule mpira wake, mpira hata haujagusa chuma, mie macho yakashuka kwenye simu ya pili nnayotizamia bei, naona Pacers waliokuwa wanauzwa senti chache wamepaa mpaka juu karibu na mia, nkajua. Nkanyamaza. Barza nzima wanapiga kelele "rudi difensi, rudi" na mie nshajua mchezo umekwisha, nimekaa kama mtu aliyesoma barua ya mwenzake.

Ntarudi kwenye usiku ule, lakini kwanza niseme nasifia nini na nalalamikia nini kwenye haya masoko ya ubashiri wa gemu za NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani. Jina la tovuti nnayotumia sitolitaja. Moja, zipo kadhaa na zote zafanana, pili sitaki kesho kijana wa mtu huku Michenzani, Unguja, aje anambie kaka weye ndo ulonionesha kule nkaliwa. Mie natizama bure tu, pesa sijatia hata senti moja, na msinianzie mada ya kamari haramu, najua ni haramu, bi mkubwa kashanisomea Suratul Maida si chini ya mara tatu tokea alipoiona ile chati kwenye simu yangu akadhani nimeingia kwenye mambo ya kubeti. Nkamwambia mama hii nasoma tu kama mtu anavosoma bei ya karafuu na hana hata mkarafuu mmoja. Hajaridhika mpaka leo.

Kwa asiyejua kitu chenyewe ni hivi. Kuna gemu, tuseme Thunder na Pacers. Mtu anauza hisa ya "Thunder watashinda". Wakishinda hisa ile inalipa dola moja kamili, wakifungwa inalipa sifuri, hakuna katikati. Sasa kama watu wako tayari kuinunua kwa senti 80 maana yake soko lote kwa ujumla wake linaamini Thunder wana nafasi 80 katika 100. Bas. Bei ndo asilimia, asilimia ndo bei, hesabu imekwisha. Na unaweza kuuza wakati wowote, hata gemu likiwa laivu, si lazima usubiri firimbi, ndo maana ile bei inacheza kila sekunde, mtu akitia mpira wa pointi tatu inapanda, mchezaji akishika goti inashuka.

Hili ndo linalonifanya niipende kuliko zile apu za mikeka. Kwenye mkeka unaandikiwa 1.20 kwa huyu na 4.50 kwa yule, na vijana wengi wanaochana mikeka hapa mtaani hawajawahi kukaa wakagawa. Gawa 100 kwa 1.20 unapata 83 na kidogo. Gawa 100 kwa 4.50 unapata 22 na kidogo. Jumlisha: 105 na nusu. Sasa gemu gani lina nafasi 105 katika 100? Ile tano na nusu ya juu ni ya mwenye duka, kashaikata kabla mpira haujarushwa, na haikuandikwa popote. Kwenye soko la ubashiri ukijumlisha pande mbili unapata 100 au 101 hivi kama gemu ni kubwa na watu ni wengi, kwa sababu anayekuuzia ni mtu mwenzio mwenye mawazo tofauti, si duka. Tovuti inachukua ushuru wake pembeni, na inakwambia ni kiasi gani. Nimewaonesha vijana wawili hesabu hii kwenye gamba la sigara, mmoja akanambia "kaka ungenambia mwaka juzi".

Kitu chenyewe si kipya kama watu wanavodhani. Chuo kikuu cha Iowa kule Marekani walianza soko kama hili mwaka 1988, la uchaguzi wa rais, kwa ajili ya utafiti. Hawa wa siku hizi wanaosikika, Kalshi na Polymarket, ndo wamelifanya la kila mtu na la kila kitu, Kalshi wako chini ya ile tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mikataba ya bidhaa, na Polymarket tume hiyohiyo iliwapiga faini ya dola milioni 1.4 mwaka 2022. Michezo imeingia kwa kishindo 2025 na majimbo kama Nevada na New Jersey wakakamatana nao mahakamani, majimbo yanasema hii ni kamari tu kanzu nyengine, wenyewe wanasema hapana hii ni mikataba ya kifedha. Bi mkubwa angekuwa hakimu kesi ingekwisha kabla ya adhuhuri.

Sasa nije kwenye lililonifumbua macho, na halikutoka kwenye intaneti, limetoka kwa ami yangu. Ami ni dalali wa samaki, miaka na miaka yuko mnadani, kikapu hakijui, ukimwambia NBA anadhani benki. Siku moja nimekwenda nimemkuta kamaliza mnada wake, kakaa juu ya ndoo anakunywa kahawa.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu, kaa. Hebu nioneshe hicho kinachomliza mamako."

Nkamuonesha. Nkamueleza kama nilivoeleza hapo juu. Kaikamata simu kaiweka mbali na uso kama wanavofanya wazee, kaangalia upande wa wanunuzi na upande wa wauzaji, kimya, halafu:

"Dalali nani?"

"Hakuna dalali ami, ni kompyuta."

"Inakula ngapi?"

"Kidogo, kwa kila mauzo."

"Hm. Na hao wanunuzi, samaki wamemuona?"

Nkacheka nkamwambia wengine wamemuona wengine wamesikia tu. Kanirudishia simu. "Basi wanaosikia ndo wanaowalipia walioona," kasema, kaendelea na kahawa yake.

Wallahi nimesoma makala ngapi za Kizungu kuhusu haya masoko, hakuna iliyonipa kwa ufupi vile. Na halafu akanipa la pili bila kujua. Nilimuuliza kwanini ukurasa unaandika 62 na mie nkibonyeza kununua unanambia 69. Ilikuwa gemu moja la msimu wa kawaida, timu mbili za mkiani, siku tatu kabla. Ami kaangalia, kasema ah, hii rahisi. Mtu kaja na mtungo wa changu anataka elfu thelathini. Mnunuzi yuko kasema elfu ishirini na mbili. Hawajakutana. Sasa hicho kisimu chako kinaandika bei ya changu leo ni elfu ishirini na sita. Nani kasema elfu ishirini na sita? Hakuna aliyesema. Changu yupo palepale kwenye mtungo.

Na ndo ilivyo kweli, ile namba kubwa iliyoandikwa juu ya ukurasa kwa maandishi manene ni katikati tu baina ya mnunuzi wa juu na muuzaji wa chini. Wanunuzi walikuwa 55, wauzaji 69, katikati 62, na watu wanapiga skrinshoti wanasambaza "soko linasema asilimia 62". Soko halijasema kitu, soko limelala. Kwa gemu la fainali lile pengo linakuwa senti moja na namba ina maana. Kwa gemu la Jumanne la timu mbili zilizokata tamaa, ile namba ni ya kupambia ukurasa. Hii ni kasoro ya kwanza na nairudia, waandike pengo karibu na namba, si mpaka mtu ashuke chini afungue kijidirisha ndo aone.

Rafiki yangu mmoja wa barza, yeye aliingia kwa pesa, nilimkataza hakusikia, likamkuta hilohilo kwa njia mbaya zaidi. Kanunua hisa 20 kwa senti 40, dola nane. Timu yake ikaanza vizuri, ukurasa ukaandika 71, kafanya hesabu ya kichwa, dola 14 na senti 20, karibu mara mbili, kasema natoka hapahapa. Kabonyeza kuuza zote. Kumbe wanunuzi wa 66 walikuwa wanataka hisa sita tu, waliofuata wako 58, hizo kumi na nne zilizobaki zikaenda kwa 58. Kapata dola 12 na senti nane. Dola mbili na ushei zimeyayuka baina ya alichokiona na alichopokea. Faida bado kapata, ndio, lakini alivonuna ungedhani kaibiwa baiskeli, kaandikia huduma kwa wateja, wakamjibu baada ya siku kwa ujumbe uleule wanaowatumia wote, wa kumshukuru kwa kutumia huduma zao. Mie nasema kosa nusu lake nusu lao, kuna sehemu ya kuweka bei yako mwenyewe kwamba siuzi chini ya 66, lakini kile kitufe kimefichwa na kitufe cha "uza sasa" ni kikubwa na kina rangi ya embe. Hapo ndo unajua duka ni duka tu.

Kasoro nyengine za haraharaka. Saa wanaandika za New York, na sie huku hatubadilishi saa lakini wao wanabadilisha, kwahivo kuanzia Machi mpaka Novemba tofauti ni masaa saba, baada ya hapo inakuwa nane, kila Novemba lazima kuna mtu barzani anaamka saa moja nzima kabla anakaa peke yake na mbu. Chati nayo ina uongo wake. Ukiwa na gemu linalocheza baina ya 48 na 53 ile chati inajivuta yenyewe ijaze skrini, mstari unaonekana unapanda mlima unaanguka bondeni na kumbe ni senti tano tu zinapumua, angalia namba za pembeni kabla hujashtuka. Bando inakula kidogo kuliko nilivodhani, hapa nawapa heko, ukurasa mwepesi, hata laini ikiwa taabani unafunguka wakati striming inazunguka tu kile kiduara.

Na hicho ndicho kinacholeta balaa.

Tarehe 6 Juni 2025, kwa saa zetu. Kule kwao bado ilikuwa tarehe 5, saa mbili na nusu usiku, huku saa tisa na nusu. Gemu la kwanza la fainali, Oklahoma City Thunder nyumbani kwao Paycom Center na Indiana Pacers. Barzani kwetu wengi ni Thunder, usiniulize sana, wazee wa barza walianza kuifuata kwa ajili ya Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar aliyechaguliwa wa pili na Memphis kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, halafu 2012 akaja kuchezea hao Thunder, kaondoka zamani lakini mapenzi yamebaki kama picha ukutani. Thunder mwaka ule walishinda gemu 68 wakapoteza 14 tu. Bei ilikuwa inawapendelea vibaya sana na hakuna aliyeshangaa.

Tumekaa watu tisa, simu moja imesimamishwa kwenye birika, spika ndogo, kahawa na kashata. Zilikuwa siku zile za Mfunguo Tatu, wengine wamekula daku palepale wanafunga Arafa. Nusu ya kwanza Pacers wamepoteza mpira mara 19, yaani walikuwa wanaugawa kama sadaka. Mie simu ya bei iko mkononi, kila wakipoteza mpira nasoma kwa sauti, "wameshuka, wameshuka tena", watu wanacheka, hapo raha yake ipo, inakuwa kama mtangazaji wa pili asiyepiga maneno mengi. Adhana ya alfajiri ikalia, kahawa ikasukumwa pembeni kwa waliofunga, tukenda tukasali tukarudi, waliobaki wanasema hamjakosa kitu Thunder wanaongoza.

Kota ya nne wakaongoza kwa 15. Bei ya Pacers ikawa kitu cha kutia huruma. Mmoja wetu akavaa viatu akasema mie nakwenda kulala, na akenda kweli, mpaka leo tunamcheka.

Halafu wakaanza kurudi. Tatu ya Toppin, tatu ya Nembhard, pole pole, na hapa ndo nkagundua tatizo, kwa sababu mara ya kwanza niliona bei inaruka nkasema "inapanda, kuna nini", na sekunde kama thelathini baadae kwenye skrini yetu ndo mpira ukaingia. Mara ya pili hivohivo. Mara ya tatu jamaa mmoja kaniangalia kwa jicho baya: "Ebu we, zima hicho kitu." Maana striming yetu ilikuwa nyuma ya mchezo, inapita kwenye seva sijui za wapi mpaka ifike Unguja, na bei inakwenda na watu waliolipia data ya haraka kutoka uwanjani, na wengine wamekaa uwanjani wenyewe na simu. Yaani wale walioona samaki. Mie niliyekaa juu ya mkeka na kahawa nilikuwa nasikia tu, na bei ikawa inanisikilizisha mambo kabla ya wakati wake.

Nilipaswa kuizima. Sikuizima, nimeigeuza kifudifudi juu ya goti. Sekunde za mwisho, Thunder wanaongoza kwa moja, 110 kwa 109, mpira anao Shai Gilgeous-Alexander, mtu alomaliza na pointi 38 usiku ule, na mkono wangu wenyewe, sijui shetani gani, ukaigeuza simu. Mengine nishayasema juu kabisa. Shai akakosa, Nesmith wa Pacers akachukua ribaundi, kocha wao hakuomba taimauti, Haliburton akaja nao akasimama akarusha, zimebaki sehemu tatu za kumi ya sekunde, 111 kwa 110. Ilikuwa mara ya kwanza na ya pekee Pacers kuongoza usiku mzima. Watu wameruka, birika limeanguka, simu imeanguka nayo, nje kunapambazuka. Na mie peke yangu nimekaa na msisimko uliochacha kwa sababu niliunywa nusu dakika kabla. Ile sekunde huwezi kuirudia, gemu la namna ile halichezwi kila mwaka, na nimelitoa mwenyewe kwa kuchungulia namba.

Asubuhi yake maneno yakawa mengi barzani kwamba ile bei ni upuuzi, ilisema Pacers wamekufa na hawakufa. Hapa naitetea. Na si mara moja, mwaka ule Pacers walifanya hivo kila raundi: na Milwaukee walikuwa nyuma kwa saba zimebaki sekunde kama arubaini za muda wa ziada wakashinda 119 kwa 118, na Cleveland nyuma kwa saba dakika ya mwisho wakashinda 120 kwa 119, na New York nyuma kwa 14 chini ya dakika tatu, Haliburton karusha mpira ukadunda juu ya chuma ukapanda hewani kama umekwenda kumuuliza mtu ukarudi ukaingia, wakenda muda wa ziada wakashinda 138 kwa 135. Mara nne kwa mechi hizo na fainali. Sasa jamaa anasema mara nne bei imedanganya.

Lakini angalia. Msimu wa kawaida peke yake una gemu 1,230. Chukua zote ambazo kota ya nne timu moja ilikuwa inauzwa senti tano. Senti tano maana yake katika mara mia itashinda mara tano. Haikusema kamwe. Kama timu za senti tano zisingeshinda hata mara moja hapo ndo tungesema bei ni mbovu, ilitakiwa iwe sifuri. Tatizo letu hatukumbuki zile tisini na tano, nani anakesha kuhadithia gemu ambalo aliyekuwa anaongoza kwa 15 kashinda kwa 18? Ni kama mvua, mtabiri akisema nafasi ishirini katika mia na ikanyesha siku ulioanika mwani wako, utamlaani mwaka mzima, zile siku nne mwani umekauka vizuri humkumbuki. Kwa kazi hiyo, kunambia nani yuko wapi na kwa uzito gani, hii bei naiamini kuliko wachambuzi wa kwenye video wanaopiga meza.

Ninapokuwa na wasiwasi nayo ni kwenye habari za majeruhi. NBA inazitaka timu zitangaze ripoti ya majeruhi siku moja kabla, jioni, nani anacheza nani ana mashaka, na ile ripoti ikitoka bei inaruka. Nzuri. Lakini mara nyengine bei inaanza kutambaa kabla ripoti haijatoka, unaiona, senti mbili, senti tatu, hakuna habari popote, halafu saa moja baadae inatoka kwamba fulani hachezi. Kuna mtu alimuona samaki gizani. Si maneno ya barzani haya, Jontay Porter wa Toronto alifungiwa maisha Aprili 2024 kwa sababu alimpa mbetaji habari za afya yake na akajitoa mapema kwenye gemu ili watu wale pesa. Yule alikamatwa. Kwahivo ukiona bei inatembea yenyewe usiku bila sababu usijione mjanja ukaifuata, wala usijione mjanja ukaipinga, kaa nje kama mie.

Na ndo maana mchana naipenda hii kitu. Mchana wa siku ya gemu, niko kazini, nafungua mara mbili tatu, naona Haliburton na ile nyama ya mguu iliyomuuma kwenye gemu la tano la fainali, soko lina wasiwasi, naona linapumua baada ya kusikia atajaribu, usiku nakuja barzani nna cha kuzungumza. Gemu la sita kacheza na wameshinda 108 kwa 91, kama ni bei ya mchana wengi walikuwa hawawapi. Hapo inakupa hadithi kabla ya hadithi. Masaa matatu kabla ya gemu, nyota nne kwa tano, nakata moja kwa lile pengo lililofichwa na kitufe cha rangi ya embe. Gemu likiwa laivu na striming ya kwetu huku, nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu haili bando. Na kama mtu wako anataka kutia pesa, muulize kwanza kama striming yake iko nyuma sekunde ngapi. Akisema hajui, mnyang'anye simu.

Gemu la saba, la mwisho la fainali, lilikuwa usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 23 Juni, saa tisa. Safari hii simu ya bei nimempa bi mkubwa aikae nayo, kaipokea kwa mikono miwili kama mtu anaepokea silaha kwa mhalifu, kaitia ndani ya kabati la vyombo. Barzani simu moja tu, juu ya birika, birika jipya. Haliburton kaanza vibaya sana kwetu sie wa Thunder, tatu tatu tatu, pointi tisa haraharaka, halafu kota ya kwanza haijesha kaanza kukimbia na mguu ukakataa, kaanguka anapiga sakafu kwa mkono. Hatukujua lolote kabla. Tumeona pamoja, watu tisa, na wa Thunder ndo waliokuwa wa kwanza kusema "la, la, la, si hivi". Mzee mmoja kafunika kikombe chake na kiganja. Mapumziko Pacers mbele kwa moja, mwisho Thunder 103 kwa 91, na nilivofika nyumbani jua limeshatoka bi mkubwa kaniuliza, "Wameshinda nani?"

Mara ya kwanza ananiuliza. Nkamwambia, kafungua kabati kanipa simu, na chaji ilikuwa imekwisha.